Ada Isiyo na Risiti: Lugha ya Kufundishia na Urithi wa Tabaka Tanzania

Tangu Januari 2016 mzazi wa Tanzania halipi ada kumsomesha mtoto wake kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule ya serikali. Shilingi 20,000 kwa mwaka za shule ya kutwa na 70,000 za bweni zilifutwa, na mwaka 2022 msamaha huo ukafikishwa kidato cha tano na cha sita. Ilikuwa hatua kubwa, na wapo watoto wengi waliovaa sare ya sekondari ambao bila hiyo wangeishia darasa la saba. Lakini iko gharama moja ambayo haikufutwa, kwa kuwa haikuwahi kuandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza mwanafunzi anadaiwa Kiingereza. Mwenye nacho, wazazi wake wamekilipia kwa miaka saba. Asiye nacho anaanza masomo akiwa na deni, na hakuna mtu shuleni mwenye kazi ya kumsaidia kulilipa. Hoja yangu ni kwamba ada hii ndiyo njia kuu ambayo shule zetu zinarithisha tabaka, na kwamba elimu bila malipo haitaweza kuizuia maadamu lugha ya kufundishia sekondari inabaki ilivyo.

Aliyewahi kukaa nyuma ya darasa la sekondari ya kata atalifahamu jambo hili bila takwimu. Somo ni Biolojia. Mwalimu anaandika ubaoni, kwa Kiingereza, sifa za viumbe hai. Wanafunzi zaidi ya sitini wananakili kimya, na wengine wanaruka herufi bila kujua kwamba wameruka. Anauliza swali kwa Kiingereza. Kimya. Analirudia kwa Kiswahili, na mikono inanyooka darasa zima: kiumbe hai hupumua, hula, hukua, huzaliana, hutoa takamwili. Majibu ni sahihi. Wiki mbili baadaye linakuja jaribio, kwa Kiingereza, na maarifa yaleyale hayana mahali pa kuandikwa. Wachache watafaulu kwa kukariri daftari neno kwa neno. Wengi wataandika jina, namba, na sentensi moja iliyonakiliwa kutoka kwenye swali lenyewe.

Mwalimu yule anajua kwamba wanafunzi wake wanaielewa mada. Mfumo anaoutumikia hauna namna ya kulijua hilo.

Hali hii ina historia, na historia yake si ya tabaka tangu mwanzo. Utawala wa kikoloni uligawa shule kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Mgawanyo huo ulifutwa rasmi mwaka 1962. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma, huku sekondari ikiachwa kwenye Kiingereza. Kizingiti cha lugha kilikuwapo, lakini kilikuwa cha karibu kila mtu. Mtoto wa mkulima wa Rungwe na mtoto wa karani wa Dar es Salaam waliingia kidato cha kwanza na upungufu unaokaribiana, na walimu waliuchukulia upungufu huo kama jambo la kawaida. Wachache wenye uwezo waliwapeleka watoto wao Kenya na Uganda.

Kengele haikukosa kupigwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari mwaka 1985. Serikali ililiweka kando pendekezo hilo. Mwaka 1984 watafiti Clive Criper na William Dodd walionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kujifunzia chochote, kisha wakashauri kibaki na kiimarishwe. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake wengi baada yake, wameeleza kwa uvumilivu kwamba kufundisha Kiingereza na kufundishia kwa Kiingereza ni kazi mbili tofauti.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ndiyo iliyoligeuza tatizo la kielimu kuwa tatizo la kitabaka. Iliwafungulia mlango watu binafsi kuanzisha shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Sina ugomvi na mlango wenyewe. Ninachodai ni kwamba ulifunguliwa huku kizingiti cha kidato cha kwanza kimeachwa palepale. Kuanzia hapo kizingiti cha wote kikawa na njia ya pembeni, na njia hiyo ina bei.

Ndiyo maana siwezi kumlaumu mzazi anayeuza kiwanja ili mtoto asisome kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali. Amesoma alama za nyakati vizuri kuliko watunga sera. Anajua usaili wa kazi utafanyika kwa lugha gani. Tatizo ni jumla ya maamuzi hayo. Mwanauchumi Albert Hirschman alieleza mwaka 1970 jinsi huduma inavyozidi kudorora pale wanaoondoka wanapokuwa haohao wenye sauti ya kulalamika. Mkurugenzi, daktari, mhadhiri na mbunge wanapoondoa watoto wao, kamati ya shule inabaki na mama lishe na fundi baiskeli, watu wenye uchungu uleule wa mtoto lakini wasio na namba ya simu ya mtu yeyote wizarani.

Jambo linaloniuma zaidi liko kwa mtoto mwenyewe. Wanasosholojia Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron, katika kitabu chao cha mwaka 1970, walisema kwamba shule huchukua kile ambacho nyumba imempa mtoto na kukihesabu kama kipaji chake. Kwetu jambo hili limefikia ukamilifu wake. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, aliyepata sifuri hasemi kwamba amefelishwa na lugha. Anasema hana kichwa cha shule. Mama yake anakubali, majirani wanakubali, na kijana anakwenda kuendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku akiamini kwamba amewekwa mahali pake na akili yake. Mali ya mwenzake imeshinda, lakini katika cheti imeandikwa kama juhudi. Umaskini wa aina hii ni mgumu kuupinga, kwa kuwa anayeubeba ameshasaini kwamba ni wake.

Hoja ya kupinga ninayoiheshimu ni hii: maskini ndiye anayehitaji Kiingereza zaidi, na kukiondoa darasani ni kumfungia dunia. Ingekuwa na nguvu kama mfumo uliopo ungempa hicho Kiingereza. Haumpi. Anatoka baada ya miaka minne bila lugha na bila Biolojia. Anayetetea Kiingereza cha mtoto wa kata angepaswa kudai walimu wa lugha waliobobea, vitabu vya hadithi na vipindi vya kuzungumza tangu msingi, mambo ambayo shule za kulipia zinayafanya na ndiyo yanayozipa matokeo yake.

Wengine husema Kiswahili hakiko tayari. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha yake ya kazi. Lugha inayotosha kumhukumu mtu kifungo cha maisha inatosha kumweleza usanisinuru. Katika mtaala mpya, somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa sekondari kwa Kiswahili, na hakuna darasa lililoporomoka.

Toleo la 2023 la sera ya elimu limeongeza elimu ya lazima kuwa miaka 10 na kuiacha sekondari kwenye Kiingereza. Maana yake ni kwamba sheria itamlazimisha mtoto kubaki katika chumba ambamo hasikii kinachosemwa. Kabla utaratibu huo haujakamilika, Baraza la Mitihani linaweza kuanza na jambo lisilohitaji darasa jipya hata moja: kuchapisha mtihani wa kidato cha pili kwa lugha zote mbili, kwa kuanzia na Biolojia, Historia na Jiografia, na kumruhusu mtahiniwa ajibu kwa ile anayoiweza. Matokeo ya mwaka mmoja tu yangetuonyesha ni watoto wangapi tumekuwa tukiwaita wajinga huku wakijua majibu.