Wangari alishindwa kortini, Uhuru Park ikabaki

Wasee wengi wakisikia mtu ameshindwa kesi wanasema amepoteza wakati na pesa ya wakili. Mimi hiyo siikubali, na sababu yangu ni jengo ambalo hujawahi kuliona.

Mwaka ni 1989. Chama ni KANU peke yake, na gazeti lake ni Kenya Times. Wanataka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na sanamu kubwa ya Moi kando yake. Sitini, buda! KICC ina 28.

Wangari Maathai akaandika barua kwa wakubwa, akaishia kutukanwa bungeni. Novemba akaenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe. Desemba kesi ikatupwa.

Sasa skia vile ilitupwa. Jaji hakusema jengo ni sawa. Alisema Wangari hana haki ya kushtaki, kwa sababu yeye binafsi hajakosewa chochote, na anayeweza kushtaki kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu tu. Yaani bustani ni ya kila mtu, kwa hivyo wewe huwezi kuitetea. Na Mwanasheria Mkuu wa enzi hizo angemshtaki nani, KANU?

Aliumia pia. Green Belt Movement ilifurushwa kwa ofisi za serikali, kazi ikahamia nyumbani kwake.

Lakini kelele ilikuwa imeshatoka. Jambo ambalo lingepitishwa kimyakimya sasa lilikuwa kwa magazeti, hadi ng'ambo, na wenye pesa huko wakaanza kuuliza kwa nini nchi inayoomba misaada inajenga mnara wa chama. Jengo likapunguzwa, halafu likaachwa kabisa. 1992 ua ukaondolewa. Sitawadanganya: korti haikuokoa hiyo bustani. Ilikuwa presha, na kesi ilikuwa sehemu ya hiyo presha.

Kitu inanibamba zaidi ni Katiba ya 2010. Fungua Kifungu cha 70. Mtu yeyote anaweza kwenda kortini kutetea mazingira, na hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu amepata hasara au ameumia. Ni kama mtu alishika ule uamuzi wa 1989 akaupindua juu chini. Leo mtu akinyakua kiwanja cha mtaa wenu, hawezi kumaliza kesi kwa kukuuliza, "Kwani wewe inakuhusu nini?"