Uta na mishale: Istilahi zilizobaki nje ya karakana

Muhula uliopita mwalimu mmoja anayefundisha ufundi katika shule ya mtaani Kawangware alinipigia simu mishale ya saa nne asubuhi. Nyuma yake nilisikia msumeno ukikwaruza mbao. "Mwalimu, samahani, niko darasani," akasema. "Hawa watoto wanatengeneza upinde. Sasa ile kamba yake inaitwaje kwa Kiswahili? Mmoja ameandika kamba, mwingine waya, na mimi mwenyewe nimekwama." Nikamwambia ni upote. Akanyamaza kidogo. "Upote? Kama kupotea?" Darasa zima likaangua kicheko.

Upote hauna uhusiano na kupotea. Ni zao la kitenzi kupota, yaani kusokota nyuzi zikawa kamba. Zamani ulipotwa kwa kano za mnyama. Jina hilo limebeba kazi ya mikono iliyokizaa kifaa chenyewe, sawa na upinde, ambao ni kitu kilichopindwa. Nilipomweleza hayo, mwalimu alinialika nikaone. Nilikwenda nikidhani napeleka istilahi tu, kumbe swali lililonisubiri lilikuwa la historia: imekuwaje kitu kilichotengenezwa katika nchi hii kwa karne nyingi kiingie karakana ya shule kama mgeni, hata jina la kamba yake liulizwe kwa simu?

Tuanze na mahali penyewe. Wazee wa Dagoretti husema Kawangware ni mahali pa ngware, neno la Kikikuyu la ndege ambaye Mswahili humwita kwale. Kibera nayo inatokana na kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Darasa nililolitembelea lina watoto wa Kawangware na wachache wanaotoka Kibera kila asubuhi. Kimaneno, hao huondoka msituni wakaja kwa ndege. Mitaa hii ambayo leo haina kichaka cha kumsitiri sungura ilipewa majina na watu walioujua msitu na viumbe wake.

Mnamo Oktoba 1890 Frederick Lugard, akiitumikia kampuni ya Imperial British East Africa, alijenga ngome Dagoretti baada ya kula kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga. Undugu huo haukudumu. Ngome iliachwa mwaka uliofuata, ikajengwa nyingine, Fort Smith, upande wa Kabete. Waiyaki alikamatwa 1892 akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Upande mmoja wa ugomvi huo ulikuwa na bunduki, mwingine ulikuwa na mikuki, simi na mata. Kuanzia 1904 askari Wanubi wa King's African Rifles walipewa nafasi ya kuishi katika msitu wa Kibra, na 1918 eneo hilo la ekari 4,197 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Wenyeji husimulia kwamba Laini Saba, mojawapo ya vijiji vya Kibera, ilipata jina kutokana na uwanja wa askari wa kulenga shabaha. Basi hata shabaha, ambayo zamani ilikuwa kazi ya uta, Kibera inaikumbuka kwa risasi.

Baada ya bunduki ikaja sheria. Mkataba uliotiwa saini London mwaka 1900 kuhusu wanyama wa Afrika haukuwahi kutekelezwa kikamilifu, lakini uliweka mwelekeo. Kanuni za uwindaji za kikoloni zikamfanya mwenye bunduki na leseni kuwa mwindaji, na mwenye uta kuwa mhalifu, hata pale ambapo wote wawili walimfuata mnyama yuleyule. Mwaka 1946 Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilifunguliwa, ya kwanza nchini, umbali mfupi tu kutoka Kibera. Serikali huru nayo ilipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977. Sipingi marufuku hiyo, na sina hamu ya kuona paa wa mwisho akichomwa mshale. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyefikiria mafundi wangeenda wapi na ujuzi wao.

Mfano ulio wazi kabisa hauko Nairobi bali Tsavo, kwa Waata, ambao majirani waliwaita pia Waliangulu. Hawa walikuwa wawindaji wa ndovu. Mata yao yalihitaji nguvu ya kuvuta inayozidi kilo 45, kiasi kinacholinganishwa na cha ile mitambo mirefu ya mbao ambayo Waingereza hujivunia katika vita vyao vya zamani. Msituni mwao mwindaji alimsogelea mnyama kwa hatua chache mno, na sumu ya msunguti ikamalizia kazi. Wagiriama huuita mti huo mutsungu. Masikio yako, msomaji, yamekwisha kusikia uchungu ndani yake. Baada ya Tsavo kufanywa mbuga mwaka 1948, na hasa katika operesheni za 1956 na 1957, wawindaji hao walikamatwa kwa wingi. Mwaka 1960 ulianzishwa mradi wa Galana ili Waata waweze kuwinda kihalali kwa usimamizi, lakini haukuwarejesha katika maisha yao ya awali. Ukitaka kujua ujuzi wa mikono hufa vipi, usitafute siku ya mazishi. Baba hukoma kumpeleka mwana msituni, basi.

Shule zenyewe je? Hapa ndipo Kawangware ina bahati ya kuwa jirani wa ushahidi. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilianzisha Kabete chuo cha kuwafundisha Waafrika useremala, uashi na uhunzi. Ndicho leo Kabete National Polytechnic. Mwaka huohuo tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki ikihimiza elimu ya kazi za mikono inayofaa mazingira ya mwanafunzi. Ni shauri zuri, ila aliyeamua kipi kinafaa si mwanafunzi wala babake. Mwafrika alifundishwa kutengeneza mlango, meza na fremu ya dirisha, kwa kuwa nyumba za serikali na za walowezi zilivihitaji. Vifaa ambavyo watu wa Kabete walikuwa wakivitengeneza tayari, kama vile mizinga ya nyuki, vigoda na mata, viliachwa nje ya lango. Karakana ikawa na maneno ya lango hilo pia.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985 kufuatia ripoti ya Tume ya Mackay ya 1981, ulijaribu kurudi nyuma kidogo. Sisi tuliopitia huko tunakumbuka vyungu, vikapu na miko, na karakana zilizojengwa kwa harambee ambazo baadhi hazikuwahi kupata hata nyundo. Masomo hayo yalipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, karakana nyingi ziligeuzwa stoo. Sasa mtaala wa umilisi umeyarudisha, na tangu Januari 2023 wanafunzi wa Gredi ya 7 wamekuwa na somo la utangulizi wa ufundi. Husomeshwa kwa Kiingereza. Kiswahili hubakia lugha ya kuulizana, "Nani ako na tupa?"

Mkuu wa shule niliyoitembelea hakuufurahia mradi wa pinde, nami simlaumu. Mwanzoni mwa 2008 magazeti yetu yalijaa picha za vijana wenye pinde na mishale katika Bonde la Ufa, na Kibera na Kawangware zenyewe zilikuwa na majeraha yao. Kwa mzazi aliyehama nyumba usiku mwaka ule, mtoto kurudi na upinde begani si habari ya sanaa. Hatimaye walikubaliana: mshale usiwe na chembe, yaani kile kichwa cha chuma, bali uvikwe mpira nchani, pinde zifungiwe kabatini, na shabaha iwe gunia lililojazwa majani. Mwalimu aliniambia kando, "Mimi ningeogopa pia, kama singewajua hawa watoto."

Karakana yenyewe ni chumba cha mabati chenye meza mbili na jiliwa moja, ambalo kila mtu hapo huliita vaisi. Kundi la kwanza lilinunua ubao wa saipresi kwa muuza mbao wa mtaani, likaukata kwa msumeno na kuulainisha kwa randa hadi ukang'aa. Ulikuwa mzuri kuliko zote. Ulipovutwa mara ya tatu ulikatika kwa mlio kama wa kiboko, na msichana aliyeushika akaruka nyuma. "Si nilikwambia hii mbao ni ya siling'i!" mwenzake akamfokea.

Kosa halikuwa lake. Uta ukivutwa, mgongo wake, yaani upande unaomwelekea mnyama, hutanuka, na tumbo lake, upande unaomwelekea mpigaji, hubanwa. Nyuzi za mti zikipita moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha, zitastahimili. Mashine ya kupasulia mbao haiangalii nyuzi, hufuata mstari wake ulionyooka, ikazikata kimshazari. Uzi uliokatwa mgongoni ndiko ufa unakoanzia. Fundi wa zamani hakuanza na ubao. Alianza na tawi au shina changa, akalipasua kwa kabari likafuata nyuzi zake lenyewe, akalikausha polepole kivulini, kisha akachonga tumbo tu. Mgongo aliuacha kama mti ulivyouumba baada ya gamba kutoka. Mti mmoja uliopendwa ni mkone, ambao haupatikani katika yadi za mbao za Nairobi.

Kundi la pili lilipata fito za mukima zilizopogolewa kwenye ua wa jirani. Mwalimu aliwafundisha kuvuta kidogo, kutazama, kupara kidogo upande uliokataa kupinda, halafu kuvuta tena. Kazi hiyo ilichukua majuma matatu. Nilikaa nao saa mbili, na sehemu kubwa ya muda huo hakuna aliyechonga chochote. Mmoja alivuta, wengine walichuchumaa mbele wakibishana ni mkono upi wa upinde uliokuwa mkaidi. "Huu wa juu umelala." "Zii, ni wa chini umekaza." Ule ulikuwa uchunguzi wa kisayansi kwa lugha ya mtaa, na ulinipendeza kuliko mihadhara mingi niliyopata kuisikia.

Hapo nikatoa maneno yangu. Niliwaambia kwamba upinde una kaka yake mkubwa, uta, ambao wingi wake ni mata au nyuta. Msichana wa Kikamba akadakia kwamba nyanyake pia husema ũta. Mvulana wa Kikikuyu akasema hata kwao. Hawakujua kwamba Washona wa Zimbabwe nao husema uta, na kwamba wataalamu wa lugha za Kibantu wamelirudisha neno hilo, kwa mzizi -ta, hadi katika lugha mama ya lugha hizi zote. Kisha nikawauliza mishale hubebwa ndani ya nini. "Begi," wakasema. Nikawapa podo na ziaka. Mvulana yule alishtuka: kwao Thiaka ni jina la mtu. Ndiyo, na ni podo pia. Hapakuwa na haja ya kumkaririsha neno hilo.

Kuna wano pia, uti wa mshale, neno ambalo sijalisikia kwa mtu aliye hai mjini Nairobi. Msasa ulinisaidia zaidi. Wote walidhani ni karatasi ya dukani, kumbe jina hilo lilikuwa la mti wenye majani ya kukwaruza, uliotumiwa na mafundi kabla ya karatasi kuja. Karakana yenyewe ilisafiri kutoka Uajemi. Hata Fumo Liyongo nilimtaja, ambaye Edward Steere alichapisha hadithi yake mwaka 1870: alichomwa kitovuni na mwanawe, akaenda kisimani, akapiga goti na kuvuta uta wake, akafa hivyo hivyo, na watu wa mji wakakosa maji kwa kuogopa kumsogelea maiti aliyelenga. Darasa lilinyamaza. "Kwa hivyo upote wake haukukatika?" akauliza aliyevunja upinde wa saipresi.

Wa kwao ulikuwa umekatika mara mbili. Wa mkonge ulilika kwenye ncha, wa pili ukateleza. Wa tatu waliupota wenyewe kwa uzi wa nailoni wa fundi viatu, nyuzi kumi na mbili zilizopakwa nta ya mshumaa. Mshale wa kwanza ulipita juu ya gunia ukagonga bati la choo. Wa pili ulilipata gunia pembeni. Kisha wakachora upinde huo kwenye manila na kuandika majina ya sehemu zake kwa Kiingereza, kama mtihani unavyotaka, na kando yake kwa kalamu nyekundu: uta, mgongo, tumbo, upote. Kwenye wano waliacha nafasi, kwani mwalimu alitaka kwanza ampigie simu nyanya wa yule msichana, huko Machakos, amuulize kwao huitwaje.