Begi ya ngozi ya swingamu: Cheki hizi vitu kabla utoe doo

Ushaiona, ile begi ndogo ya ngozi imekaa kando ya gurudumu la nyuma kwa nduthi kubwa za Marekani. Look iko sawa, hakuna ubishi. Lakini kabla utumie muuzaji wa mtandaoni pesa, shika hii: nduthi yako ndiyo inachagua begi, macho yako yanakuja baadaye. Kamba moja ikiingia kwa cheni ama spoki ukiwa kwa mwendo, gurudumu linashika na unaenda chini. Hapo si mambo ya kupendeza tena, ni ya hospitali.

Swingamu ni gani?

Ni ule mkono wa chuma ulioshika gurudumu la nyuma. Unapanda na kushuka kila ukipiga shimo, na begi iliyofungwa hapo inaenda nao. Harley-Davidson walipoleta Softail mwaka wa 1984, walificha springi za nyuma chini ya nduthi, kwa hivyo kando ya gurudumu kukabaki wazi. Ekzosi nyingi za hizo nduthi ziko kulia, ndiyo maana begi hukaa kushoto.

Na Boxer je?

Boda, usikasirike. Boxer iko na springi mbili nje, moja kila upande. Cheni iko kushoto, ekzosi na rodi ya breki ziko kulia. Nafasi hakuna, na ukilazimisha unajitafutia. Chukua begi za kando zinazoshikwa na keria.

Pima na katoni kwanza

Nduthi yako ikiwa na nafasi, kata katoni saizi ya begi, ifunge pale, halafu cheki hivi:

- Wasee wawili wakalie nyuma wabonyeze. Kona ya juu isiguse madgadi, fremu wala kiti.
- Egesha kwa stendi ya kando. Nduthi inalala kushoto, na begi haifai kufika chini.
- Nati ya ekseli na mahali pa kukaza cheni pabaki wazi. Fundi asilazimike kutoa begi kila wiki.
- Zungusha gurudumu na mkono. Waya na paipu za breki zisibanwe na kamba.

Kamba ziwe angalau tatu, na moja ivute begi mbali na gurudumu. Mkia wa kamba uliobaki, kata ama uufungie ndani. Usiuache ukipepea.

Ngozi ama mchezo?

Angalia upande wa ndani. Ngozi halisi iko na nyuzinyuzi, ile feki iko na kitambaa ama plastiki laini. Tafuta ngozi nzito, milimita 3 hadi 4, juu nyepesi italegea na kuanza kuguswa na tairi. Nyuma iwe na pleti ngumu ya kuishikilia. Kwa kona, mshono pekee hautoshi, itisha riveti. Bizimu ziwe za chuma, kama za mshipi. Sumaku pekee itafunguka kwa matuta.

Ukikosa saizi yako, peleka ile katoni Kariokor, Nairobi. Mafundi wa ngozi wako pale, na begi iliyoshonwa kwa kipimo chako inashinda ya mtandaoni isiyotoshea.

Usiweke nini?

Springi hazikingi chochote kilicho kwa swingamu. Kila shimo linafika kwa begi likiwa zima. Kwa hivyo simu, pawabanki na chupa ya glasi zikae kwa mgongo wako. Hapo weka spana, glavu na koti ya mvua. Kitu cha maana kama logbook usiache, juu ngozi inakatwa na kisu kwa sekunde.

Mvua ikinyesha

Kati ya Machi na Mei matope yote ya gurudumu yatarukia hapo. Panguza na kitambaa chenye maji kidogo, anika kivulini, halafu paka mafuta ya ngozi. Usiikaushe kwa jua kali ama kando ya jiko, itapasuka.

Na kila Jumatatu kabla utoke, vuta kila kamba. Iliyolegea, kaza. Iliyochanika, toa begi kwanza, safari baadaye.