Kutoka kiporo hadi friza: ngano ilivyoingia kwenye chai ya asubuhi ya Meru

Akina mama wa Usa River, Tengeru na Ngaramtoni wamekuwa wakiniuliza jambo moja: ile mikate laini ya vishimo-vishimo inayoitwa wafo, inawezekana kuipika nyumbani Jumapili, ikawekwa kwenye friza, watoto wakala wiki nzima kabla ya shule? Inawezekana, na namna ya kufanya nimeiandika huku chini. Ila leo naomba tuanze na historia, kwa sababu gharama kubwa ya wafo ni unga wa ngano, na bei ya unga huo haipangwi hapa Meru.

Wazee wetu hawakuwa na chakula maalumu cha asubuhi. Mezani palikuwa na ndizi, maziwa, uji, na loshoro ya mahindi na maziwa mgando. Mtoto aliyewahi kuchunga alikula kiporo. Kiporo ndicho kifungua kinywa cha haraka cha kwanza katika nchi hii: unapika jioni mara moja, unakula mara mbili. Na kila kilichomo kilitoka shambani au zizini, hakuna aliyekwenda dukani.

Ngano ilikuja na walowezi. Wajerumani walijenga boma la Arusha mwaka 1900, na miaka michache baadaye wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini, baada ya vita yao na Waingereza, wakapewa ardhi kaskazini mwa Mlima Meru. Baadaye, chini ya Mwingereza, ngano ikalimwa kwa mashine huko West Kilimanjaro na Oldeani. Lilikuwa zao la trekta na eneo kubwa. Mwenye kihamba cha ekari moja au mbili, chenye migomba na kahawa, hakuwa na pa kuiweka, na hata leo hana.

Ardhi yenyewe haikupatikana kwa amani. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kupisha ufugaji wa walowezi wa ng'ombe wa nyama na maziwa. Nyumba zilichomwa, watu wakaambiwa waende Kingori. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika New York kuwasemea wenzake mbele ya Umoja wa Mataifa. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama siasa ya uhuru, na ni kweli. Mimi kama mtu wa ugani naona pia kilikuwa kisa cha nani atafuga, nani atauza maziwa, na nani atayanunua.

Mjini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Maduka ya Wahindi yalileta chapati, watu wa pwani wakaja na maandazi na vitumbua. Kitumbua tukitazame vizuri: ni rojo linalomiminwa kwenye chuma chenye mashimo, likaiva likiwa na umbo la shimo. Wafo ni ndugu yake kabisa. Na ukipita mtaa wa Unga Limited pale Arusha, kumbuka kwamba jina hilo ni la kinu cha kusaga.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 vinu vikubwa vilitaifishwa, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Kuanzia miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano huko Basotu, Hanang, wakati huo bado ni Mkoa wa Arusha. Watafiti wa Selian walitoa mbegu, nyingine zikiitwa kwa majina ya ndege kama Mbayuwayu na Tausi. Ngano ilipatikana, lakini kwa matrekta na vipuri vya kutoka nje, na kwa kuwaondoa Wabarbaig kwenye malisho yao bora. Walikwenda mahakamani. Kwa maoni yangu ule mradi ulilisha mji kwa gharama ya mfugaji, na hesabu hiyo haikuwahi kuandikwa kwenye bei ya mkate.

Waliokuwa watu wazima miaka ile wanakumbuka pia foleni za RTC na unga wa njano wa msaada, ambao watu waliubatiza "Yanga". Kilo ya ngano ilikuwa ya harusi na Krismasi. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 unga ulirudi madukani, lakini hadi leo sehemu kubwa kabisa ya ngano tunayokula inakuja kwa meli. Ndiyo maana mwaka 2022, Urusi na Ukraine zilipoingia vitani, andazi la Kilombero sokoni lilipungua ukubwa.

Sasa wafo wenyewe. Ulaya ya zamani walipika mikate myembamba kati ya vyuma viwili vya moto, kwa namna ileile ya kutengeneza hostia za kanisani. Huko Marekani mtu aitwaye Cornelius Swartwout alipata hataza ya chuma cha wafo cha kuweka juu ya jiko mwaka 1869. Mwaka 1953 ndugu wa ukoo wa Dorsa, wa San Jose, California, wakaanza kuuza wafo zilizogandishwa kwa jina la Eggo. Wateja wao walikuwa watu wenye friji na wasio na muda asubuhi. Yaani walikuwa wanauza kiporo chenye umeme.

Kwetu umeme vijijini ulianza kusambaa kwa kasi baada ya REA kuanza kazi mwaka 2007, na sasa baadhi ya nyumba za Meru zina friji. Basi tupike. Chukua unga wa ngano kikombe kimoja na unga wa mahindi laini kikombe kimoja, beking pauda vijiko vidogo viwili, chumvi kidogo. Pembeni piga mayai mawili, maziwa kikombe kimoja na nusu, mafuta vijiko vinne vya chakula, na ndizi mbivu mbili zilizopondwa. Kwa ndizi hizo sukari huihitaji. Changanya bila kukoroga sana, acha dakika kumi. Mashine ya umeme ya wati 700 hadi 1,000 inafaa. Usipokuwa nayo, mimina kwenye kikaango kama chapati ya maji. Vishimo havina virutubisho.

Hapa ngano imeshuka nusu, na kilichobaki kinatoka bandani na shambani kwako. Ukiweka mahindi zaidi ya nusu, wafo itavunjika ikitoka kwenye friza.

Zipoze kabisa juu ya wavu, maana zikifungwa za moto zitatoa maji na kugeuka barafu. Zipange sinia moja bila kugusana, zigande saa mbili, kisha uzifunge kwenye mfuko na kutoa hewa. Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri inazitunza miezi miwili. Kile kisanduku cha barafu ndani ya friji ndogo hakifiki huko, hivyo zimalize ndani ya wiki. Asubuhi usiziyeyushe, ziweke zikiwa zimeganda kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika tatu kila upande.

Umeme ukikatika usifungue mlango. Friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Zikilainika na kupata joto, wape kuku.

Kwa wafanyabiashara: wafo ya kula palepale kwenye banda la chai unaweza kuanza nayo kesho. Ukitaka kuuza zilizofungashwa, anzia ofisi ya SIDO, kisha TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula. Na andika kwenye mfuko tarehe uliyogandisha, si tarehe uliyouza.