Jina la Ukoo au Ubini? Asili, Historia na Wingi wa Jina Rumanyika katika Karagwe na Kyerwa

Fomu nyingi za serikali nchini Tanzania humtaka mwombaji ajaze majina matatu: la kwanza, la kati na la mwisho. Hilo la mwisho, katika fomu na katika mazungumzo, huitwa jina la ukoo. Istilahi hiyo imezoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza inadai nini. Inadai kwamba mwenye jina ana ukoo, kwamba ukoo huo una jina, na kwamba jina hilo ndilo lililoandikwa. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, madai mawili ya kwanza ni ya kweli. La tatu kwa kawaida si la kweli. Mkazi wa kata ya Kamuli aliyeandikishwa kwa jina la mwisho Rumanyika ana ukoo wenye jina, lakini Rumanyika silo jina la ukoo huo. Makala haya yanalifuatilia jina hilo moja tangu umbo lake la kisarufi hadi katika rejista, na yanadai kwamba wingi wake hauhesabu damu ya mtu yeyote. Unahesabu maamuzi ya waandikishaji.

Umbo na maana

Rumanyika ni neno la Runyambo lenye uwazi ambao majina mengi ya kale hayana. Shina lake ni kitenzi -manya, 'jua', ambacho wasomaji wa ushairi wa kale wa Kiswahili watakitambua bila kamusi. Kiambishi -ik- ni kile kile cha kauli ya kutendeka, na mbele yake kumewekwa ru-, kiambishi cha ngeli ya 11. Kwa hiyo Rumanyika ni 'anayejulikana', 'mashuhuri'. Ngeli ya 11, ambayo katika nomino za kawaida huhusishwa na vitu virefu au vikubwa, katika majina ya watu hukuza: humtoa mtu katika ngeli ya 1 ya binadamu wa kawaida na kumpa kimo. Ndiyo sababu ru- na umbo lake rw- hutawala majina ya sifa ya wanaume katika eneo zima la magharibi ya Ziwa Viktoria.

Kutoka shina hilo hilo hupatikana majina yenye mwelekeo tofauti kabisa. Tibamanya ni sentensi kamili yenye kikanushi: 'hawajui'. Tibaijuka, ambalo Watanzania wengi wanalifahamu kupitia maisha ya kisiasa, ni sentensi ya muundo huo huo: 'hawakumbuki'. Majina ya aina hii hayamtaji baba wala babu. Yanasema jambo, mara nyingi kwa jirani anayesikiliza ng'ambo ya uzio kuliko kwa mtoto mwenyewe. Henry Muzale, katika makala yake ya mwaka 1998 kuhusu majina ya Kibantu ya eneo la maziwa makuu, alikwisha kuonyesha kwamba majina haya hayaeleweki bila kuunganisha sarufi na mazingira ya kijamii. Kinachoongezwa hapa ni historia: lini na kwa njia gani sentensi iligeuka kuwa lebo ya familia.

Jambo moja dogo la kifonolojia lina uzito wake. Majina ya watu kwa kawaida hudondosha irabu tangulizi. Ndiyo maana husemwa Rumanyika na si Orumanyika. Hata hivyo, jina la pili la mtawala aliyelipa umaarufu jina hili, Orugundu, limeihifadhi irabu hiyo. Kwa wanawake irabu tangulizi haipotei, bali huungana na kiambishi ka-: ka- na emirembe, 'amani', huzaa Kemirembe, ambalo wengine huliandika Kemilembe. Jinsia ya mwenye jina, kwa hiyo, ilisikika katika silabi ya kwanza. Suala hilo litarudi chini.

Kutoka ikulu ya Bweranyange hadi rejista

Rumanyika Orugundu alitawala Karagwe kuanzia miaka ya 1850 hadi mwishoni mwa miaka ya 1870. Alipokigombea kiti na ndugu yake Rogero, alisaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Tabora, na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mtawala. Kwa hiyo jina la Rumanyika lilikwisha kutamkwa katika Kiswahili cha misafara kabla Mzungu yeyote hajaliandika. John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Novemba 1861. Katika kitabu cha Speke cha mwaka 1863 jina limeandikwa Rumanika, bila y, na H. M. Stanley, aliyepita mwaka 1876, alifuata tahajia hiyo hiyo.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, si ndogo. Katika Runyambo, kama katika Kiswahili, ny ni konsonanti moja isiyo n. Ukiiondoa, shina -manya linatoweka na jina linabaki sauti tupu. Kizazi kizima cha wasomaji wa Ulaya kilimfahamu mtawala aliyeitwa 'Mashuhuri' kwa jina lisilosema chochote. Israel Katoke, katika historia yake ya ufalme wa Karagwe iliyotoka mwaka 1975, alilirudisha umbo la wenyeji, lakini tahajia ya Speke haijafa. Ingali inazunguka katika nyaraka na katika vitabu vilivyonakili vitabu.

Hadi hapo Rumanyika lilikuwa jina la mtu mmoja. Watawala wa Karagwe walikuwa wa ukoo wa Bahinda, wanaojinasibisha na mwanzilishi Ruhinda. Jina la ukoo, yaani jina la oruganda, ni hilo Bahinda. Mtu hakuitwa kwa oruganda lake. Alilitaja alipoulizwa, hasa katika mambo ya ndoa na ya mwiko wa ukoo. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja walikuwa na oruganda moja na majina tofauti, kila mmoja na lake. Nyumba yenye watoto saba ilikuwa na majina saba.

Kilichobadili utaratibu huo ni ubatizo, orodha ya kodi na daftari la shule, kwa mpangilio unaotofautiana kutoka kijiji hadi kijiji. Ubatizo ulileta jina la kwanza la kigeni na kulisukuma jina la Runyambo kwenye nafasi ya pili. Mtawala mmoja wa Karagwe alijulikana kama Daudi Rumanyika: Daudi la kanisa, Rumanyika la ufalme. Orodha ya kodi ilimtaka mkuu wa kaya awe na jina moja lisilobadilika mwaka hadi mwaka. Shule nayo ilimwuliza mtoto jina la baba, kisha la babu. Hapo ndipo jina lililokuwa la mtu lilipoanza kubebwa na mtu mwingine.

Neno la Kiswahili linaloeleza hali hii kwa usahihi lipo, ingawa fomu hazilitumii: ubini. Limetokana na bin, 'mwana wa', na halidai chochote kuhusu ukoo. Linasema tu kwamba jina hili ni la mzazi wa kiume. Inasikitisha kwamba istilahi sahihi imeachwa kwenye kurasa za kamusi huku ile inayopotosha ikichapishwa kwenye kila fomu.

Mac na bin

Ulinganisho na majina ya Kigaeli unasaidia kwa sababu huko mchakato huu umekamilika na unaweza kutazamwa mwanzo hadi mwisho. Mac maana yake ni 'mwana', sawa na bin. Ó ya Waayalandi ni 'mjukuu' au 'mzao'. Mwanzoni jina la aina hii lilimtaja baba halisi na lilibadilika kila kizazi. Nchini Ayalandi lilianza kuganda katika karne ya 10 na ya 11, likawa la kurithiwa. Katika sehemu za nyanda za juu za Uskoti mtindo wa kubadilika uliendelea hadi karne ya 18. Lilipoganda, halikufuata damu peke yake. Wapangaji na wafuasi walichukua jina la mkuu waliyeishi chini yake, na leo mamilioni ya watu wana jina la chifu ambaye hawakuwa wazao wake.

Majina mawili ya aina hii yaliingia katika historia ya eneo hili yenyewe. Alexander Mackay, mmisionari Mskoti aliyefanya kazi Buganda na kufia Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1890, aliitwa kwa Kigaeli MacAoidh, 'mwana wa Aodh', na Aodh ni 'moto'. Dada wa mtu huyo katika Kigaeli ni NicAoidh, 'binti wa uzao wa Aodh', si Mac, kwa kuwa mwanamke hawezi kuwa mwana wa kiume. Makarani wa Kiingereza waliandika Mackay kwa wote wawili, jinsia ikafutika. Grant, ambaye ugonjwa wa mguu ulimbakiza kwenye makao ya Rumanyika kuanzia Januari hadi Aprili 1862, alikuwa na jina la ukoo mashuhuri wa nyanda za juu za Uskoti, lakini asili ya jina lenyewe ni neno la Kifaransa lenye maana ya 'mkubwa'. Yaani aliyekaa miezi kadhaa nyumbani kwa 'Mashuhuri' aliitwa 'Mkubwa', na kwa asili majina yote mawili yalitaja sifa, si ukoo.

Yaliyompata NicAoidh ndiyo yanayowapata wanawake wa Karagwe na Kyerwa leo. Ru- ni alama ya mwanamume. Lakini binti wa Rumanyika, na mara nyingi mke wake, huandikwa Rumanyika. Mnyambo anayelisikia jina hilo likiitwa kliniki au mahakamani, kisha akaona mwanamke akisimama, haoni ajabu tena. Sarufi imeshindwa na fomu.

Tatizo la kuhesabu

Anayetaka kujua wingi wa jina Rumanyika hukutana kwanza na tahajia. Mbali na Rumanika ya Speke, kuna Lumanyika, kwa kuwa r na l hubadilishana katika uandishi wa majina ya ukanda huu bila kubadili maana, kama Mutaremwa na Mutalemwa, 'asiyeshindwa'. Hesabu isiyounganisha maumbo haya huwagawa ndugu; hesabu inayoyaunganisha huwaweka pamoja watu wasiojuana.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Katika mtindo wa Kitanzania wa majina matatu, mtu huandika jina lake, la baba na la babu. Mtoto wake huandika lake, la baba, la babu, na yule aliyekuwa babu huanguka nje ya fomu. Jina hukaa vizazi viwili, kisha hutoweka, isipokuwa familia iamue kuligandisha. Uamuzi huo hufuata vyeti, mashamba na umaarufu kuliko nasaba. Katika fani ya taaluma kuna kigandisho kingine ambacho hakitajwi: orodha ya marejeo. Mulokozi, Muzale, Rugemalira na Rubanza ni majina ya watu binafsi au ya wazazi wao ambayo kanuni za unukuzi zimeyageuza kuwa ya kudumu, na mtoto wa profesa hana sababu ya kuliacha jina ambalo maktaba imekwisha kulihifadhi.

Jina la mtawala lina nafasi kubwa ya kugandishwa kuliko jina la mkulima wa kahawa, na hiyo yatosha kueleza kwa nini Rumanyika husikika kuliko majina mengine mengi ya muundo huo huo. Kwa mtafiti maana yake ni kwamba wingi wa Rumanyika katika daftari la wapiga kura hauwezi kutumiwa kukadiria idadi ya Bahinda. Tasnifu zinazochukua safu ya tatu ya rejista kama ushahidi wa ukoo zinaijenga nyumba juu ya neno la fomu.

Jina na mpaka

Suala hili lisingevuka kuta za chuo kama Kyerwa isingepakana na Uganda na Rwanda. Karagwe ilipokea wakimbizi kutoka Rwanda tangu mapinduzi ya 1959. Mwaka 1980 Tanzania iliwapa uraia maelfu ya wakimbizi Wanyarwanda. Na mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwasaka wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Katika mazingira kama hayo jina linaloanza na Rw- au Ru- huweza kusikika kama jibu kabla swali halijaulizwa.

Isimu inaweza kusema jambo moja kwa uhakika. Kinyarwanda na Kirundi vina kitenzi kumenya, chenye e. Runyambo, Ruhaya, Runyankore na Luganda vina okumanya, chenye a. Rumanyika, kwa hiyo, si umbo la Kinyarwanda. Lakini hoja hiyo isibebeshwe mzigo usio wake. Irabu hiyo hiyo haiwezi kumtenga Mnyambo wa Kyerwa na Mnyankore wa ng'ambo ya mto Kagera, na jina Ntare, 'simba', limetumiwa na watawala wa Karagwe, wa Nkore na wa Burundi pia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 huangalia mahali pa kuzaliwa na uraia wa wazazi, haitaji viambishi. Kamuli yenyewe ina wajina wake Busoga, mji na wilaya nchini Uganda, na jirani yake Kimuli inatofautiana nayo kwa kiambishi cha ngeli tu.

Mwenye cheti cha shule kinachosema Lumanyika na cheti cha ubatizo kinachosema Rumanyika hupeleka ofisini hati ya kiapo inayotamka kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Katika hati hiyo, ambayo nayo huhifadhiwa, jina la oruganda halina safu.