MACHO MEKUNDU NA MOSHI WA MEKO

Katika vijiji vya Usukuma, Lingeka ikiwa miongoni mwavyo, ajuza huamka alfajiri, akainamia meko na kupuliza moto wa mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa juani. Kuni ni haba. Miaka ya 1920 na 1930 mapori mengi ya Usukuma yalifyekwa kwa amri ya serikali ya kikoloni ili kumfukuza mbung'o, na mashamba ya pamba yakamaliza sehemu kubwa ya miti iliyosalia. Moshi wa mavi ni mkali; auvumiliaye miaka hamsini huwa na macho mekundu. Macho hayo yamewagharimu wazee wetu wengi maisha yao, kwa kuwa yamefanywa alama ya uchawi.

Na Ukristo si mgeni huku. Wamisionari wa CMS walijenga kituo Nasa, kando ya Ziwa Viktoria, katika karne ya 19, na mwaka 1909 wakakikabidhi kwa Africa Inland Mission, ambayo ilijenga pia hospitali ya Kolandoto, Shinyanga. Alexander Mackay, aliyefariki kwa homa huko Usambiro mwaka 1890, alikuwa mhandisi, mtu wa Injili na nyundo kwa pamoja. Basi dini na elimu ziliingia nchi hii zikiwa zimeshikana mikono. Mbona basi ajuza hakupata kinga?

Tulipokuwa katika utumishi wa serikali sehemu hizo, tulimsikia mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema asiyeonja pombe, akitutajia aya ya kitabu cha Kutoka iamuruyo kuuawa kwa mchawi. Siku ile hatukuwa na la kumjibu. Wala sheria ya uchawi ya mwaka 1928 isingetusaidia, kwani hiyo nayo ilimpa mkuu wa wilaya madaraka ya kumhamisha mtu aliyeshukiwa, kana kwamba serikali yenyewe ilikuwa na shaka.

Jibu tulilipata baadaye katika historia ya Wakristo wenyewe. Mwaka 1692, huko Salem, Marekani, watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, na mahakama ilikubali ushahidi wa njozi: fulani amenitokea, fulani amenitesa rohoni. Mwaka 1697 mmoja wa mahakimu wale, Samuel Sewall, alisimama kanisani mbele ya waumini huku ungamo lake likisomwa. Katika miaka ile mitano aya haikubadilika, wala haikuvumbuliwa darubini ya kuwapima wachawi. Kilichobadilika ni swali. Watu walianza kuuliza: nani ameona, na ameona nini?

Swali hilo ndilo linalokwepwa ramli inapopigwa. Tena wapo wasioamini ramli hata kidogo, ila wanalitamani shamba la bibi yao. Hao hata ukiwahubiria moshi mwaka mzima hawatasikia, maana macho mekundu kwao ni kisingizio tu.

Tulipomweleza ajuza mmoja wa Lingeka kwamba ni moshi unaomchoma macho, alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu," alisema, "hayo nayajua tangu nilipoolewa. Nenda kawaambie wajukuu zangu."