Mcheza Kwao Hutuzwa: Msanii, Maradhi na Akiba katika Historia Yetu

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii twaitumia kila siku, lakini ni nadra kusimama na kujiuliza maana ya hilo neno "kwao". Mpiga ngoma, mwimbaji au mwigizaji hutuzwa na nani? Hutuzwa mpaka lini? Na akishikwa na maradhi uzeeni, tuzo aliyopewa ujanani itamfaa nini? Katika insha hii tutayatafutia majibu maswali hayo kwa kuitazama historia, tukianzia wilaya za Biharamulo na Ngara, pembe ya magharibi ya nchi yetu, kisha tukifuata nyayo za wasanii mpaka mijini.

Biharamulo na Ngara ni nchi ya Wasubi, Wazinza, Washubi na Wahangaza. Kabla ya Wajerumani kujenga boma lao pale Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20, eneo hili lilikuwa chini ya watawala wa jadi, kama zilivyokuwa falme nyingine za Maziwa Makuu. Katika falme hizo ngoma haikuwa chombo cha starehe peke yake. Ilikuwa alama ya utawala, na aliyeipoteza ngoma ya kifalme alihesabiwa kuwa ameipoteza nchi. Kwa sababu hiyo kazi ya kuitunza na kuipiga ilikabidhiwa koo maalumu, nazo zikairithisha kutoka baba hadi mwana. Bugufi, nchi ya Wahangaza, zamani ilihesabiwa katika himaya ya Burundi. Huko Burundi koo za wapiga ngoma, kama zile za Gishora karibu na Gitega, zilikaa karibu na ngoma zao na kuzilinda kwa amri ya Mwami. Kaskazini, katika nchi ya Wahaya, mpiga nanga alikaa barazani akisimulia matendo ya mashujaa, naye akapata chakula, pombe na zawadi kutoka kwa mtawala.

Hiyo ndiyo "kwao" ya kwanza ya msanii: ua wa mtawala pamoja na ukoo wake. Alipougua, mganga wa pale alimtazama, na ndugu zake walilima shamba lake. Tusiusifu mpango huo kupita kiasi. Matunzo yake yalitegemea radhi ya mtu mmoja. Mtawala akichukia au akishindwa vitani, msanii wake alianguka pamoja naye. Tena mpango wenyewe haukudumu. Tanganyika iliufuta utawala wa machifu mwaka 1963, na Burundi ikauondoa ufalme mwaka 1966. Ngoma zilibaki, wapigaji walibaki, lakini ua uliowalisha haukuwapo tena.

"Kwao" ya pili ilikuwa chama. Ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ilienea bara pamoja na askari na makarani, hasa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vyama vyake vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi, nyimbo na karamu. Walioviona kwa mbali walidhani kwamba ni upuuzi wa vijana. Kumbe ndani yake mlikuwa na vyeo, michango na utaratibu wa kumsaidia mwanachama mgonjwa na kumzika aliyekufa ugenini. Wasukuma nao, ambao baadhi yao leo ni wakazi wa Biharamulo, walikuwa na vyama vya Wagika na Wagalu, ambavyo wanachama wake walicheza pamoja na kulima pamoja. Basi fikra ya wachezaji kuchangiana kwa ajili ya siku ya shida haikuletwa na wageni. Ilikuwapo ndani ya ngoma zetu zenyewe.

"Kwao" ya tatu ilikuwa mwajiri. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, na taasisi za umma zikaanza kumiliki bendi. Mfano mashuhuri ni NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki wa bendi ya namna hiyo alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa kila mwezi. Mwaka huohuo wa 1964 ulianzishwa mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NPF, uliochangiwa na mwajiri na mwajiriwa. Matibabu katika hospitali za serikali nayo hayakulipiwa. Lakini vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na aliyehama bendi alitoka mikono mitupu.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990. Mashirika mengi ya umma yalijitoa katika kazi ya kumiliki bendi, na mwaka 1993 serikali ilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu hospitalini. Hapo msanii aliondokewa na nguzo mbili kwa wakati mmoja: mshahara wa uhakika na tiba ya bure. Tangu hapo "kwao" imekuwa soko, nalo soko halimjui mgonjwa.

Matokeo yake tumeyaona kwa macho. Marijani Rajabu, ambaye sauti yake ilijaza kumbi za Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na 1980, alifariki mwaka 1995 baada ya kuishia kuuza kanda za muziki ili apate riziki. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978, alipiga muziki hadi Ulaya; kisha kiharusi kikampooza, akaishi na ulemavu huo kwa miaka mingi mpaka alipofariki Desemba 2010. Muhidin Gurumo aliimba kwa takriban nusu karne. Alipostaafu mwaka 2013, akiwa amedhoofishwa na maradhi, kijana Diamond Platnumz alimzawadia gari, na taifa zima likamsifu kijana kwa adabu yake. Mzee Gurumo alifariki Aprili 2014. Mchekeshaji Amri Athumani, aliyejulikana kama King Majuto, alipelekwa India kutibiwa na akafariki Muhimbili Agosti 2018. Ugonjwa wake uliwafanya watu waulize juu ya mikataba ya wasanii, hata serikali ikaunda kamati ya kuichunguza.

Sisemi hayo kwa kuwalaumu marehemu hao, ambao walitupa furaha kuliko tulivyowalipa. Nasema ili tuione tofauti iliyopo kati ya tuzo na matunzo. Tuzo hutolewa mara moja, tena mbele ya watu. Maradhi kama kisukari, shinikizo la damu au figo hudai fedha kila mwezi, tena faraghani. Michango ya hisani huja wakati jina lingali linavuma. Jina likififia, michango nayo hufifia. Ngoma ivumayo sana, walisema wazee, haikawii kupasuka.

Yafaa pia tukumbuke kwamba usanii ni kazi inayochosha mwili. Mwimbaji hutumia koo. Mpiga ngoma hutumia mabega na mgongo. Mwanamuziki wa dansi hukesha usiku kucha karibu na vipaza sauti na pombe. Vyombo vyake vya kazi ni viungo vyake mwenyewe, na vyombo hivyo havina duka la vipuri. Fundi seremala akivunja randa hununua nyingine.

Je, msanii wa Biharamulo afanye nini? Kwanza, ajiunge na bima mapema, angali mzima. Mifuko ya afya ya jamii ilianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, sheria yake ikapitishwa mwaka 2001, na katika mpango ulioboreshwa mwaka 2018 kaya ya watu wasiozidi 6 ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Hebu tupige hesabu. Mcheza ngoma aliyeweka shilingi 600 kila wiki alipata shilingi 31,200 kwa wiki 52, yaani alilipia kaya nzima na kubakiwa na chenji. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na ni wajibu wa kila kikundi kujua masharti yake.

Pili, awe na akiba nyingine nje ya bima. Kadi haimlipii mgonjwa nauli, wala haimlishi ndugu anayemuuguza. Mtu wa Ngara aweza kutibiwa karibu, Murgwanza au Rulenge. Lakini akipewa rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, atahitaji fedha mkononi. Tatu, kikundi kiwe na sanduku lake, kama walivyofanya watu wa beni: kabla ya kugawana malipo ya harusi au sherehe, fungu la wagonjwa litengwe kwanza, liandikwe daftarini na kusomwa mbele ya wote.

Wako watakaosema kwamba kipato cha msanii wa kijijini ni kidogo mno, hakifai kugawanywa. Hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo sababu haitoshi kumhimiza msanii peke yake. Anayemwalika hana budi kumlipa kwa haki na kwa wakati, na mikataba iandikwe. Hata hivyo, mwenye kipato kidogo ndiye anayeangushwa upesi zaidi na gharama ya ghafula. Tajiri huuza ng'ombe mmoja, maskini huuza shamba. Haba na haba hujaza kibaba.

Walimu wanaofundisha vijana ngoma na kwaya shuleni waweza kuanzia hapo hapo: wawafundishe mapigo, na pia wawafundishe kutunza daftari la mapato. Ua wa mtawala umekwisha na mwajiri wa zamani hayupo. "Kwao" iliyobaki ni ile ambayo wachezaji wataijenga wenyewe kwa michango yao, wakiwa bado na nguvu za kucheza.